Mkoba wa kufumia na haki iliyofichwa ndani ya bitana

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyewapa wanadamu mikono ya kutendea kazi na akili ya kupambanulia baina ya halali na haramu. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba wake na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tumekusudia kuzungumza juu ya biashara ndogo inayofanyika ndani ya nyumba zetu, nyuma ya mapazia, na ambayo aghalabu haitajwi juu ya mimbari. Tunapohubiri kuhusu biashara husema na wenye maduka, wenye malori na madalali wa sokoni. Mama aliyeketi mbele ya cherehani yake baada ya watoto kulala hatumsemeshi, kana kwamba shilingi anayoipata haina hukumu. Ukweli ni kwamba ina hukumu, na siku ya hesabu itaulizwa sawasawa na fedha ya tajiri: ilitoka wapi na ilikwenda wapi.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, kama Kenya ilivyokuwa imefanya tarehe 28 Agosti 2017 na Rwanda mwaka 2008, akina mama wengi waliiona riziki mpya. Rambo imeondoka, basi watu watataka mfuko wa nguo. Vitambaa vikatolewa kabatini na vyerehani vikafutwa vumbi. Lakini haikuchukua muda, viwanda vikaleta mifuko mbadala ya bei ya chini kabisa, na mama wa nyumbani hakuweza kushindana nayo. Mwenye busara alitambua kwamba hana budi kushona kile ambacho kiwanda hakikishughulikii.

Miongoni mwa vitu hivyo ni mkoba wa kufumia, yaani mkoba ambao mwanamke mfumaji hutia donge lake la uzi, sindano zake na kazi aliyoianza lakini hajaimaliza. Asiyefuma hawezi kuona umuhimu wake. Anayefuma sweta ya mtoto mchanga au kitambaa cha meza hubeba kazi yake huku na huko: kwenye foleni ya hospitali, ndani ya basi, barazani kwa jirani. Uzi ukianguka chini huokota mchanga. Sindano ikichomoka, macho ya mfumo hufumuka na kazi ya siku tatu hupotea. Kwa hiyo mkoba mzuri una mdomo wa kamba ya kuvuta badala ya zipu, kwa sababu meno ya zipu hunasa uzi. Una mfuko mdogo wa ndani wa kutilia sindano na mkasi, una kitako kipana ili usimame wenyewe, na zaidi ya yote una bitana laini isiyochuja rangi. Mshona kofia ya viua naye huupenda, maana kofia nyeupe inayoshonwa kwa wiki na miezi haitakiwi kuguswa na uchafu hata mara moja.

Nimeeleza habari za bitana kwa makusudi, kwani juu ya bitana hiyo ndipo ilipozuka kesi ninayotaka kuisimulia.

MAMA ALIYEKUJA NA MKOBA MKONONI

Baada ya swala ya alasiri siku moja, nikiwa barazani katika mitaa ya Ngamiani mjini Tanga, alikuja mama mmoja pamoja na mwanawe wa kiume wa miaka kama kumi. Alikuwa amejistiri vyema, na mkononi ameshika mkoba mpya wa kitenge cha buluu. Sitamtaja jina wala mtaa, na yeye ameniruhusu kuyaandika haya kwa sharti hilo.

"Asalaam alaykum, sheikh. Nimekuja na shauri la fedha," alisema.

"Waalaykumu salaam warahmatullah. Karibu, mwanangu. Fedha yako au ya mtu?"

"Hilo ndilo ninalotaka kulijua."

Akaeleza. Alikuwa ameagizwa mikoba 40 na mama mwenye duka la nyuzi huko Lushoto. Lushoto, kama ajuavyo kila aliyepanda milima ya Usambara, ni mji wa baridi, na sweta ya kufumwa kwa mkono huko si pambo bali ni haja. Walikubaliana kwa simu shilingi 9,000 kwa kila mkoba, jumla shilingi 360,000. Mnunuzi akatuma arbuni ya shilingi 100,000. Mama huyu akanunua vitenge, bitana, uzi na kamba. Kwa hesabu yake mwenyewe kila mkoba ulimgharimu shilingi 5,200, hivyo jasho la mikono yake lilikuwa shilingi 3,800 kwa mkoba. Akashona usiku na mchana kwa muda wa wiki tano.

Alipopiga simu kusema mzigo uko tayari, mnunuzi alimjibu kwamba hauhitaji tena, kwani amepata mifuko ya kiwandani kwa nusu ya bei hiyo. Akadai arejeshewe shilingi 100,000 zake.

"Nami sina za kumrejeshea," akasema. "Zilizobaki baada ya vitambaa alizichukua mume wangu kutengenezea pikipiki yake. Nilipomuuliza aliniambia cherehani iko ndani ya nyumba yake na umeme analipa yeye, kwa hiyo kilichomo ni chake. Sheikh, nataka kujua mambo mawili. Arbuni ile ni yangu au ni ya mwenye duka? Na fedha ninayoshonea ni yangu au ni ya mume wangu?"

Maswali hayo mawili, ndugu msomaji, yangeweza kuulizwa na maelfu ya akina mama. Tuyajibu moja baada ya jingine. Lakini kwanza tuiweke kazi yenyewe mahali pake.

KAZI YA MIKONO NI MWENENDO WA WATU WEMA

Wapo wanaodhani kwamba mwanamke anayefanya kazi ya kuuza anajishushia heshima, au kwamba kushona ni shughuli ya asiyekuwa na mume wa kumtunza. Dhana hii haina asili katika dini. Bibi Khadija (r.a.), mama wa waumini, alikuwa mfanyabiashara mwenye misafara, na uaminifu wa Mtume (s.a.w.) aliujua kwanza katika mali yake. Bibi Zainab binti Jahsh (r.a.) alikuwa fundi wa mikono: akitengeneza ngozi na kushona, kisha akitoa sadaka kwa kile alichokipata.

Imepokewa katika Sahihi mbili, kwa mapokezi ya Bibi Aisha (r.a.), kwamba Mtume aliwaambia wake zake kuwa wa kwanza kukutana naye baada ya kufa kwake ni yule mwenye mkono mrefu kuliko wote. Wakawa wakipimana mikono. Alipofariki Bibi Zainab, mwaka wa 20 Hijria katika ukhalifa wa Sayyidna Umar, ndipo walipofahamu kwamba urefu uliokusudiwa ni wa mkono unaofanya kazi na kutoa. Tazama basi namna mkono wa mshonaji ulivyotukuzwa.

Na Imamu Bukhari amepokea kwamba hakuna chakula bora kuliko anachokula mtu kutokana na kazi ya mkono wake, na kwamba Nabii Daudi (a.s.), pamoja na ufalme wake, alikuwa akila kwa kazi ya mkono wake. Katika Surat Sabaa tunasoma kuwa Nabii Daudi alilainishiwa chuma ili atengeneze deraya, kisha akaamrishwa apime vyema viungo vyake. Hapa pana funzo kwa kila fundi. Kufanya kazi peke yake hakukutosheleza. Aliamrishwa vilevile kuipima na kuitengeneza sawasawa. Ikiwa pete ya chuma ina amri ya kupimwa, mshono wa mkoba nao unayo.

ARBUNI NI YA NANI?

Arbuni ni fedha anayoitanguliza mnunuzi ili kuthibitisha kwamba anakitaka kitu. Akikamilisha ununuzi, huhesabiwa kuwa sehemu ya bei. Mgogoro huja pale anapoghairi. Je, muuzaji aizuie au airejeshe?

Wanazuoni wamehitilafiana tangu zamani. Wengi wao, wakiwemo Imamu Abu Hanifa, Imamu Malik na Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea pwani yetu, hawakujuzisha kuuza kwa sharti kwamba mnunuzi akighairi apoteze arbuni. Hoja yao ni kwamba muuzaji atakuwa amechukua mali ya mtu bila ya kumpa chochote badala yake, na ipo hadithi ya kukataza ingawa sanadi yake imezungumzwa. Imamu Ahmad bin Hanbal aliijuzisha. Alitegemea habari ya Nafi' bin Abdilharith, aliyemnunulia Sayyidna Umar nyumba ya kufanya gereza mjini Makka kutoka kwa Safwan bin Umayya, kwa makubaliano kwamba Umar akiridhia biashara imetimia, na asiporidhia Safwan atapata dirhamu 400.

Katika zama zetu suala hili lilijadiliwa na Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu. Katika kikao chake cha Brunei mwaka 1993 Baraza liliamua kwamba arbuni inajuzu iwapo muda wa kusubiri umewekewa mpaka. Mnunuzi akinunua, inaingia katika bei. Akighairi, ni ya muuzaji. Angalia sharti hilo la muda. Pasipo muda, muuzaji atakaa na mzigo na mnunuzi atakaa na shaka, na hakuna ajuaye haki ya mwenzake inaishia lini.

Nikamuuliza yule mama: "Mliwekeana siku?"

"Hapana, sheikh. Alisema nikimaliza nimwambie."

"Mliandikiana?"

"Tulizungumza kwa simu tu."

Hapa ndipo wengi wetu tunapoangukia. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia kuandikiana mapatano ya deni. Mwenyezi Mungu ametenga nafasi kubwa kiasi hicho kwa kalamu na mashahidi, nasi tunaona aibu kumwandikia mteja mistari minne.

HAKI KUBWA KULIKO ALIYOIOMBA

Hata hivyo nilimweleza kwamba shauri lake halikuishia katika arbuni. Mapatano yao yana jina jingine katika fiqhi: istisnaa, yaani kumwagiza fundi akutengenezee kitu kwa sifa mnazokubaliana, vifaa vikiwa vyake. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii huyapitisha mapatano ya namna hii katika mlango wa salam, na hushurutisha bei yote ilipwe pale pale yanapofungwa. Wafuasi wa Imamu Abu Hanifa waliyajuzisha kwa sura yake kwa sababu watu wanayahitaji na wameyazoea tangu kale. Baraza lile lile la Fiqhi, katika kikao cha Jeddah mwaka 1992, liliamua kwamba istisnaa ni mkataba unaowafunga pande zote mbili, madhali aina ya kitu, idadi yake na sifa zake zimebainishwa na muda umewekwa. Bei yake inaweza kulipwa yote mbele, au baadaye, au kwa mafungu.

Maana ya uamuzi huo ni kuwa aliyeagiza hana ruhusa ya kughairi kwa sababu tu ameona cha bei rahisi kwa jirani. Fundi amekata kitambaa kwa ajili yake, naye ameshafungika.

Nikamwambia: "Mwanangu, kama mngeweka muda, haki yako ingekuwa kubwa kuliko uliyoiomba. Umekuja kutaka shilingi 100,000, na mwenye duka angepasika kuchukua mzigo na kukamilisha shilingi 360,000. Hata sasa nitakuwa tayari kuzungumza naye, na naamini ataona aibu. Ilimradi jambo moja: mikoba iwe kama mlivyokubaliana."

Nilitazamia afurahi. Badala yake aliinamisha kichwa. Akautazama mkoba ule mapajani mwake, akaupindua ndani nje, akakaa kimya kwa muda. Kisha akasema maneno ambayo sikuyatarajia.

"Sheikh, 26 ni kama tulivyokubaliana. Hizi 14 si hivyo."

Bitana ya pamba ilimwishia. Bei ilikuwa imepanda na fedha ile ilikuwa imekwisha katika pikipiki. Akanunua kitambaa chepesi cha rangi ya zambarau, akashonea mikoba 14 iliyobaki. Alipokijaribu kwa tambara lenye unyevu kikatoa rangi. Alijua. Lakini kwa nje mikoba yote ilifanana, na yeye alijisemea kwamba mnunuzi hapindui kila mkoba. Akajituliza zaidi aliposikia mwenye duka ameghairi kwa sababu ya bei, maana kosa sasa likawa la mwenziwe.

Ndugu msomaji, fikiria sweta nyeupe ya mtoto mchanga, iliyofumwa kwa mwezi mzima, ikitolewa ndani ya mkoba huo siku ya mvua ikiwa na madoa ya zambarau. Aliyefuma hamjui mshonaji wa Tanga. Hatamdai duniani. Atamdai mbele ya Mola wake.

Imamu Muslim amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alipita penye lundo la chakula sokoni, akatia mkono wake ndani na vidole vyake vikagusa maji. Mwenye chakula akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini asikiweke kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika wafuasi wake. Kwa juu nafaka ilikuwa kavu. Ila ilikuwa ndani, na ndani ndiko Mtume alikotia mkono.

Basi hukumu ikawa wazi. Kwa mikoba ile 14 mnunuzi ana hiari: anaweza kuikataa, au kuipokea kwa kuridhia baada ya kuambiwa. Muuzaji hana ruhusa ya kunyamaza, hata kama mnunuzi naye ana kosa lake. Kosa la mwenzako halihalalishi la kwako. Wala haimfai kuizuia arbuni yote kwa hoja ya mkataba ambao yeye mwenyewe hakuutimiza wote.

Nilimwambia aende nyumbani, apige simu, aseme kweli kwanza kabla ya kudai chochote. Alilia. Aliniambia: "Nikimwambia nitapoteza vyote." Nikamjibu kwamba huenda ikawa hivyo, na sikumwahidi jingine. Sheikh hana mamlaka ya kuahidi faida ya dunia kwa anayesema kweli. Lakini nilimkumbusha hadithi aliyoipokea Hakim bin Hizam (r.a.), kwamba wauzianao wakisema kweli na kubainisha aibu za bidhaa hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo baraka yake hufutwa.

FEDHA YA MKE NA MKONO WA MUME

Swali la pili jawabu lake ni fupi, ingawa kulitekeleza ni kuzito. Suratun Nisaa, aya ya 32, imebainisha kwamba wanaume wana fungu katika walichokichuma, na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Mali ya mke ni ya mke. Kuolewa hakuihamishi. Cherehani kuwa chini ya paa la mume hakumfanyi mume kuwa mmiliki wa mshono, kama vile kulala kwa pikipiki yake katika ua uliofagiliwa na mke hakumfanyi mke kuwa mmiliki wa pikipiki.

Matumizi ya nyumba, yaani chakula, mavazi na makazi, ni wajibu wa mume hata kama mke ana mali. Mke akichangia kwa radhi yake, hiyo ni sadaka na ihsani. Mke wa Abdullah bin Masud (r.a.), naye akiitwa Zainab, aliuliza kama inamtosheleza kutoa sadaka kwa mumewe na mayatima anaowalea, akajibiwa kwamba ana malipo mawili: malipo ya ujamaa na malipo ya sadaka. Kuuliza kwake kunaonyesha kwamba fedha ilikuwa yake na uamuzi ulikuwa wake.

Upande wa pili nao una haki. Kazi ya nyumbani ipangwe kwa mashauriano, ili isije ikala wakati wa swala, wa watoto na wa mapumziko. Mume anayelipa umeme wa cherehani hana kosa akiomba wagawane gharama hiyo kwa maelewano. Kinachokatazwa ni kuchukua kwa nguvu, au kwa kumtia mke aibu mpaka atoe bila ya ridhaa ya moyo.

Kadhalika fedha ile ya arbuni ilikuwa na sura ya hatari zaidi. Kwa kuwa mapatano hayakuwa yametimia, ilikuwa bado imefungamana na haki ya mnunuzi. Mume hakuchukua akiba ya mkewe tu; alichukua mtaji wa kazi ambayo haijakabidhiwa. Na kutoka katika pengo hilo ndipo ilipopatikana bitana ya zambarau. Mara nyingi ghushi ya sokoni huzaliwa nyumbani, mezani, siku ambapo mwenye nguvu alitia mkono katika fedha isiyo yake. Nilimwita mume, tukazungumza kwa faragha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hajawahi kuambiwa.

NASAHA KWA WANAOSHONA NA KUUZA NYUMBANI

Kutokana na kesi hii na nyingine zinazofanana nayo, nawausia dada zangu mambo yafuatayo.

Kwanza, weka sifa za bidhaa kwa maandishi, hata kama ni kwa ujumbe wa simu: ukubwa wa mkoba, aina ya kitambaa cha nje, aina ya bitana, idadi, bei na siku ya kukabidhi. Taja pia hatima ya arbuni iwapo mmoja ataghairi, na kabla ya tarehe gani. Shona mkoba mmoja wa mfano, uubakishe kwako mpaka mzigo utakapopokelewa, ili usipime kwa kumbukumbu bali kwa kitu kilichopo.

Pili, ukituma picha ya mkoba, iwe picha ya mkoba unaouza. Picha ya kazi ya mtu mwingine, au iliyong'arishwa mpaka rangi ikabadilika, ni sawa na nafaka kavu iliyowekwa juu ya iliyolowa.

Tatu, angalia khanga unayoikata. Khanga zetu zina majina, na baadhi ya majina hayo yana jina la Mwenyezi Mungu au dua. Si adabu mkasi upite katikati yake, wala maandishi hayo yawe kitako cha mkoba unaowekwa sakafuni. Kipande hicho kitenge, ukitumie mahali pa heshima.

Nne, tahadhari na mtaji wenye riba. Mikopo ambayo watu wenyewe wameibandika jina la kausha damu imekwisha kuuza vyerehani vingi. Bora upatu ambao kila mmoja hutoa sawa na kupokea sawa bila nyongeza, au kununua kitambaa kwa deni lenye bei moja iliyokatwa na siku ya kulipa.

Tano, tunza Ijumaa. Mwanamke hawajibiki kuhudhuria swala ya Ijumaa, lakini mwanamume anayeagiza mkoba kwake anawajibika. Wanazuoni wetu wameeleza kwamba adhana ya khutuba ikishasomwa, mmoja wao akiwa ni mwenye kuwajibika, wote wawili wanaofunga biashara hiyo wanaingia katika kosa. Simu inaweza kusubiri nusu saa. Suratul Jumua ilipoamrisha kuacha biashara iliruhusu papo hapo, baada ya swala, watu watawanyike na kutafuta fadhila za Mola wao.

Sita, hesabu zaka. Mwaka wa Hijria ukitimia, jumlisha fedha taslimu ya biashara, thamani ya mikoba iliyo tayari, vitambaa na nyuzi zinazongoja kushonwa. Cherehani, mkasi na meza havihesabiwi, kwa kuwa ni vyombo vya kazi na si bidhaa. Ikiwa jumla imefikia thamani ya gramu 85 za dhahabu, toa mbili na nusu kwa mia. Wengi hawatafikia kiwango hicho, lakini kuhesabu kwenyewe kunamfundisha mtu kujua alicho nacho na anachodaiwa.

KUFUMUA KWA AINA MBILI

Wiki mbili baadaye mama yule alirudi. Alikuwa amepiga simu na kusema yote. Mwenye duka alinyamaza muda mrefu mpaka yeye akadhani simu imekatika. Kisha akakiri kwamba mifuko ya kiwandani aliitaja kama kisingizio tu. Duka lake lilikuwa limezorota na alikuwa na hofu ya kufunga mtaji. Wakapatana upya. Atachukua mikoba 26 kwa bei ileile, arbuni ihesabiwe humo, na kilichosalia, shilingi 134,000, akilipe kwa mafungu mawili. Ile 14 hakuitaka, na haki yake ilikuwa hivyo.

Mama yule aliichukua mikoba 14, akaketi na wembe na kuifumua bitana mshono kwa mshono. Alifanya hivyo kwa siku nne. Anaishonea upya kidogo kidogo kadiri anavyopata kitambaa cha pamba, na siku ile alikuwa amemaliza mitano. Mumewe amemrejeshea nusu ya deni. Nusu bado, na mama hajamsamehe, wala halazimiki kumsamehe.

Katika Suratun Nahli, aya ya 92, Mwenyezi Mungu anatupigia mfano wa mwanamke aliyeufumua uzi wake vipande vipande baada ya kuusokota ukawa madhubuti, na anatukataza tusiwe kama yeye kwa kuvifanya viapo na ahadi zetu kuwa njia ya kuhadaiana. Huo ni ufumuaji wa kuharibu: kuvunja lililokuwa imara. Lakini upo ufumuaji wa kutengeneza, nao ni wa mtu aliyeshona vibaya akijua, kisha akarudi nyuma na kuondoa uzi alioutia kwa mkono wake mwenyewe. Katika dini yetu jina lake ni toba, na sharti mojawapo la toba katika haki za watu ni kuirejesha haki kwa mwenyewe.

Ewe dada unayesoma ukurasa huu huku cherehani ikikungoja, pindua kazi yako ndani nje kabla hujaikabidhi. Na ewe ndugu mwanamume unayesoma, kabla hujatia mkono katika fedha ya mkeo, uliza ni ya nani.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu aibariki mikono inayochuma halali, atukinge na riziki yenye ghushi, na azijaalie nyumba zetu kuwa nyumba za uaminifu. Amin.

Wabillahi tawfiq.